Kanda Tatu za Salumu

Ijumaa iliyopita nilikabidhi ufunguo wa chumba cha kanda. Kijana aliyeupokea aliniuliza, kwa adabu kabisa, ufunguo huo unafungua nini. Nikamwambia: chumba kile cha mwisho, chenye harufu ya siki, ambacho ninyi mnaweka baiskeli. Sikukasirika. Haya, nilikasirika kidogo. Ndiyo maana nimekaa kuandika kurasa hizi kwa ajili yenu mnaobaki katika redio yetu ndogo ya Lubumbashi. Sitawaeleza nilipandishwa cheo lini, mambo hayo yako kwenye faili na hayajawahi kumfurahisha mtu. Nataka mjue tulivyokuwa tunafanya kazi, na kosa moja nililofanya, ili siku mkikosea angalau mkosee kitu kipya.

Niliingia kazini miaka ile ya kubadilisha majina. Nchi ilikuwa imeshabadilisha jina, mto nao, na sisi wanadamu tukaambiwa tutupe majina ya kigeni. Nilibatizwa Béatrice, lakini kwenye barua ya kuajiriwa nikawa Citoyenne, yaani Raia, Ngoie Kabange. Baba yangu, mtu wa reli aliyetoka kaskazini, aliendelea kuniita Béatrice ndani ya nyumba, baada ya kufunga dirisha.

Aliyenifundisha kazi ni Papa Mwamba, fundi wa mitambo, mtu mfupi mwenye vidole vilivyokatwakatwa na wembe. Siku ya kwanza, kabla hata ya kunionyesha kiti, alinyoosha mkono.

"Toa saa yako, mama."

"Ju ya nini, Papa?"

"Ile sumaku haichague. Inafuta yote."

Saa ile nilipewa siku ya Komunyo ya kwanza, nami nikadhani huyu mzee ananitamania kitu changu. Nikakataa. Papa Mwamba hakubishana. Akaweka kanda juu ya mashine ya kufutia, akabonyeza, mashine ikanguruma, akanionyesha jinsi ya kuizungusha kanda polepole na kuiondoa kwa mbali kabla ya kuzima. Jioni saa yangu ilikuwa imesimama kwenye saa nne na robo, na haikutembea tena mpaka leo. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Tangu siku hiyo nilimsikiliza Papa Mwamba katika mambo yote, isipokuwa mara moja, na hiyo mara moja ndiyo habari yangu.

Lazima muelewe kwamba kanda mpya zilitoka ng'ambo, na zilikuja zilipotaka. Kanda moja tuliitumia mara sita, mara kumi. Unarekodi, unatangaza, unafuta, unarekodi tena. Kufuta halikuwa jambo la aibu, ilikuwa nusu ya kazi yetu. Wiki yangu ya kwanza rafu zilikuwa zimejaa na hatukuwa na kanda hata moja ya kurekodia. Mkurugenzi wa wakati ule akanipa orodha ya wafanyakazi, imepigwa chapa vizuri. Amri ilikuwa fupi: kanda yenye jina lililo kwenye orodha, chunga, yenye jina lisilokuwemo, futa, maana ni ya mtu aliyekwisha ondoka. Papa Mwamba wiki hiyo alikuwa uwanjani na wanaume wengine, wanafanya mazoezi ya nyimbo na ngoma za chama. Kabla ya kwenda aliniambia neno moja tu: "Kama una shaka, acha mpaka nirudi."

Mimi sikuwa na shaka. Nilikuwa na miaka ishirini na moja na orodha mkononi. Nikasoma jina kwenye kasha, nikatazama orodha, nikafuta, nikaandika kwenye daftari la ufutaji na kutia sahihi. Papa Mwamba aliporudi alikuta rafu nzima ya kanda safi. Akasema, "Huyu mutoto anajua kazi." Nilitembea na sifa hiyo kwa miaka.

Na kweli nilikuja kuijua kazi, sitajifanya mnyenyekevu. Nilijifunza kunusa kanda kabla ya kuigusa: ikinuka siki, inakufa, uinakili haraka. Nilijifunza kuandika kwenye kasha kwa kalamu ya risasi, kwa sababu wino wa biki unapauka na risasi inabaki. Nilikata na kuunga kwa wembe mpaka nikaweza kuondoa kikohozi katikati ya sentensi, nanyi msingejua. Kuna mkubwa mmoja wa wilaya aliyetuomba tuondoe kila "sijui" katika mahojiano yake. Tukaondoa. Mahojiano ya nusu saa yakabaki dakika tisa.

Karibu miaka kumi na sita ilipita hivyo. Siku moja Mkurugenzi, huyu alikuwa mwingine, mtu wa mtaa wa Bel-Air, mpole, mwoga wa barua zenye mihuri, akaniita. Redio itafanya sikukuu ya kuzaliwa kwake, na anataka kijitabu cha historia yake. Kwa kuwa mimi ndiye nilikaa na vitu vya zamani, niandike mimi.

Nilianza pale ambapo mtu yeyote mwenye akili angeanza, kwenye barua za wasikilizaji. Zilikuwa katika magunia mawili ya unga, panya walikuwa wameonja pembe tu. Nikazipanga kwa miaka. Katika zile za zamani, jina moja lilirudi kuliko majina mengine yote: Salumu. Salumu wa matangazo ya vifo, saa sita mchana. Barua zikimshukuru, zikimsalimu, moja ikimletea habari za ng'ombe. Halafu, katika miaka ya baadaye, barua zikageuka. "Salumu alituacha ju ya nini?" "Mumwambie Salumu arudi, huyu mupya anasoma kama bei ya soko." Zilikuja mwaka hata mwaka, na kwenye orodha zangu zote za wafanyakazi hapakuwa na Salumu hata mmoja.

Nikamwuliza Papa Mwamba, ambaye alikuwa amebakiza miezi michache kustaafu.

"Salumu? Njo Kitenge Mulongo, ni muntu mumoja. Hukumukuta, alikuwa mugonjwa wakati uliingia. Alikufwa ule mwaka."

"Sasa bantu bako bananung'unika, banasema alibaacha!"

"Tulitangaza kifo yake na jina mupya. Nani alijua Kitenge? Hata muke yake alikuwa anamwita Salumu."

Hivyo mtu aliyewatangazia watu wa mji huu vifo vyao alikufa, na mji haukusikia. Nilifurahi, lazima niseme ukweli. Mtafuta historia akipata jambo kama hilo anafurahi kwanza, aibu inakuja nyuma.

Mjane wake, Mama Zaituni, alikuwa akikaa mtaa wa Katuba, kwenye nyumba ya matofali mabichi iliyopakwa chokaa, akidarizi kofia za wanaume. Wazee wake walitoka Maniema, kama wa marehemu. Alinisikiliza bila kuacha sindano. Kisha akaingia ndani, akatoka na madaftari saba ya shule yaliyofungwa kwa kitambaa. Nikafungua la kwanza na sikuweza kusoma hata neno. Yote yalikuwa kwa herufi za Kiarabu.

"Ni Kiswahili," akasema, akicheka kidogo. "Alisoma ku chuo ya Kurani, haikuwa ku masomo ya bapadri. Herufi zenu zilikuwa zinamuchelewesha. Basi kila karatasi ya kifo, anaandika tena kwa mukono yake, asikwame ku jina ya muntu."

Alinisomea, nami nikaandika. Nilirudi mara nne. Majina ya wafu wa mji mzima, wa mgodini, wa reli, wa sokoni, kila mmoja na watu wake. Siku ya nne akaniazima madaftari yote saba kwa ajili ya kijitabu, akaweka kofia chini na kunitazama.

"Miye nimekupatia. Sasa weye unipatie. Sauti yake iko kwenu?"

Binti yake Aziza alikuwa ameketi mlangoni akichambua mchele. Alikuwa anatambaa baba yake alipokufa, na sasa alikuwa anaolewa, mwezi ule ule.

"Mutoto mwanamuke anatoka ku nyumba na baraka ya baba," Mama Zaituni akasema. "Baba haiko. Lete sauti, asikie mara moja. Miye siombe kingine."

Nikamwambia: "Mama, mbele ya ndoa atasikia." Sikusema "nitatafuta". Nilisema atasikia, kwa sababu chumba cha kanda kilikuwa changu, na ndani yake sikuwahi kutafuta kitu nikakikosa.

Nilitafuta siku mbili. Rafu zote, makasha yote, chini ya jina la Salumu na chini ya jina la Kitenge. Siku ya tatu nilifungua daftari la ufutaji, la kwanza kabisa, kwa ajili tu ya kusema kwamba nimelifungua. Ilikuwa ukurasa wa pili. "Salumu Ramazani, matangazo ya vifo, kanda tatu." Mbele yake neno "zimefutwa", na sahihi ya msichana anayependa mkia mrefu kwenye herufi ya mwisho. Yangu. Kwa kalamu ya risasi, haijapauka hata kidogo.

Kasha lilikuwa na jina la zamani, orodha ilikuwa na jina jipya. Mimi mwenyewe nilikuwa na majina mawili, nikiitwa moja kazini na jingine nyumbani, na haikunipitia akilini kwamba mwingine naye anaweza kuwa nayo.

Nililia humo chumbani. Papa Mwamba alinikuta, akasoma ukurasa, akakaa juu ya kasha.

"Uliniuliza?"

"Sikukuuliza, Papa."

"Na miye sikuangalia. Niliona kanda safi, nikakusifu." Akafikicha macho. "Enda umwambie. Usitume barua."

Nikaenda. Nilikuwa nimeandaa maneno mazuri kwenye basi, na yote yaliniishia mlangoni. Nikasema: "Mama, kanda zilikuwa tatu. Ni miye nilizifuta." Nikaeleza orodha na majina. Aziza akaacha alichokuwa akifanya. Mama yake akainuka, na sijawahi kuona mtu mwenye hasira akisema polepole vile.

"Siku alikufwa, nilifika ku dirisha yenu na karatasi. Nilikuwa na huyu mutoto ku mugongo. Banasema jina Salumu haiko ku karte ya kitambulisho, hatuwezi. Kwanza mulikatala jina yake. Kisha mukafuta sauti yake. Sasa munataka madaftari ju ya kitabu yenu." Akanyoosha mkono. "Rudisha."

Nikayatoa mfukoni, nikarudisha. Yote saba. Nilirudi mjini nikiwa nimesimama mlangoni pa basi, na sikumbuki nani alinikanyaga.

Kijitabu nilikiandika hata hivyo, kwa yale niliyokuwa nayo. Mkurugenzi akasoma, akafika kwenye ukurasa wa Salumu, akavua miwani.

"Citoyenne, andika kama kanda zilipotea. Mvua, panya. Hii mambo ya majina, bakubwa batauliza."

"Panya hawakuzifuta, Citoyen Directeur."

"Basi nani?"

"Miye. Nitaandika jina yangu. Sitaandika amri."

Alifikiri sana. Mwoga hapendi uongo unaoweza kugunduliwa. Akakubali, na hivyo ndivyo sentensi ile ilivyo kwenye ukurasa wa kumi na moja wa kijitabu chetu, mkiwa bado mnacho: kanda za Salumu Ramazani zilifutwa na Ngoie Kabange kwa kutouliza. Wengine walinicheka. Sikujali, nilikuwa nimeshajicheka mwenyewe.

Wiki moja kabla ya ndoa, Aziza alikuja redioni, akasimama kwenye dirisha la matangazo kama mteja. Alikuwa na karatasi.

"Mama anasema hii iko ku ukurasa ya mwisho ya daftari ya saba. Hakukusomea. Anasema sasa weye njo unapokea karatasi, basi pokea."

Mama Zaituni alikuwa amenakili kwa herufi zetu, kubwa kubwa. Lilikuwa tangazo la kifo. Salumu alikuwa ameliandika mwenyewe alipojua hatapona, na kuacha nafasi ya tarehe. Ndilo walilokataa dirishani. "Salumu Ramazani, fundi wa kushona, msomaji wa saa sita, amefariki tarehe. Wapashwe habari: mke wake Zaituni, mtoto wake Aziza, na wote aliowapasha habari."

Sheria ya majina ilikuwa bado ipo, ingawa watu walikuwa wameanza kuisahau. Nilimtazama yule msichana anayeolewa bila sauti ya baba yake kwa sababu yangu, nikachukua fomu na kujaza. Jina la marehemu: Salumu Ramazani. Sikuomba ruhusa. Niliwaambia hapo juu neno la Papa Mwamba, kwamba ukiwa na shaka, acha kwanza. Siku hiyo sikuwa na shaka, na mara hii nilikuwa nimejua ninachokifanya.

Saa sita mchana nilisoma mwenyewe. Papa Mwamba alikaa kwenye mitambo. Kwa miaka yote ile sikuwa nimewahi kusema neno hewani, na nilisoma vibaya, haraka, nikakwama kwenye nafasi ya tarehe. Nilipotoka, Mkurugenzi alikuwa amesimama ukumbini.

"Citoyenne, ule muntu alikufwa lini?"

"Iko karibu miaka kumi na sita, Citoyen Directeur."

Akavua miwani, akaivaa tena. "Kumi na sita! Basi hata bakubwa bakimuita, hatakwenda." Akarudi ofisini kwake na kufunga mlango.

Alasiri nikachukua mashine ya kurekodi ya kubeba nikaenda Katuba. Nilitaka kumwomba Mama Zaituni anisomee kwa namna ya mumewe, nirekodi, iwe badala. Alikubali kujaribu. Alisoma mistari miwili akafunga daftari. "Hapana. Najua kusoma. Kusema yake, siwezi. Haiko yeye." Nikazima mashine. Vyungu vya ndoa vilikuwa vimeshaazimwa, vimepangwa ukutani, na cha kwanza kilikuwa motoni kwenye jiko la nje, na maharagwe ya wale waliokuja kusaidia.

Ndipo mtu wa kwanza akaingia. Mwanamke mnene, kanga imefungwa kiunoni kama anayekwenda kilioni, na kibaba cha unga kichwani. Alikuwa analia toka barabarani. Nyuma yake wawili, nyuma yao familia nzima na mkeka wao. Walikuwa wamesikia saa sita.

"Tulijua alitutupa," yule mwanamke akasema alipoelezwa. "Kumbe alikufwa zamani?"

"Zamani," Mama Zaituni akajibu.

"Na sisi tulikuwa tunamulaumu!" Akakaa chini hata hivyo, na wote wakakaa, maana unga ulikuwa umeshafika na msiba ni msiba. Walijaa uani, wakajaa mpaka kwa jirani. Yule mwanamke akafuta uso, akamgeukia Aziza. "Ulikuwa mudogo, haukumusikia. Mbele ya kusema jina ya muntu, alikuwa anasema hivi," akashusha sauti, "'Mama, toa nyungu ku moto kwanza. Papa, ikala chini.' Kisha ananyamaza, mupaka kila chungu itoke ku moto."

"Hapana, haikuwa hivyo," mwingine akasema. "Alikuwa anavuta: 'Maama...'" Naye akasema yake. Wa tatu akamsahihisha. Watu wakaanza kulia na kucheka pamoja, kila mmoja na Salumu wake. Mimi, kwa ajili ya kijitabu, nilikuwa nimeingia nyumba zaidi ya ishirini na kalamu, nikauliza majina na miaka, na wote walikuwa na sauti hii mdomoni, na sikuwahi kuwaomba wanionyeshe. Nikawasha mashine.

Mzee mmoja, mstaafu wa kampuni ya shaba, kifua kimejaa vumbi la miaka yake, alikuwa amekaa kando. Saa sita ya Salumu, akaeleza, ilikuwa saa yake ya kutoka shimoni. Alimsikiliza kwenye redio ya mlangoni kila siku ya Mungu. Wakamsihi naye aseme yake. Akainua kidevu, akafumba macho.

"Mama, toa nyungu ku moto kwanza. Papa, ikala chini."

Na akanyamaza. Wengine wote walikuwa wamekiruka kimya kile, yeye akakikaa chote. Nikatazama jikoni. Mama Zaituni, akiwa ametupa mgongo, alikuwa ameinama, na kwa mikono miwili, bila kitambaa, ameinua chungu na kukiweka chini kando ya moto. Akabaki hivyo, anatazama vidole vyake.

"Aziza," akasema. "Kuya huku. Ule njo baba yako."